Mahindi, ukungu na muuguzi wa usiku

Wandugu, hapa Butembo tunajua mahindi kwa bukari na lotoko. Mimi wa agronomia nakumbusha: mahindi iko pia katika historia ya moyo.

Vijidudu vikipita katika damu vinaweza kukaa kwenye valvu, ile milango ya moyo, na kuziharibu. Kabla ya penisilini karibu kila mgonjwa wa namna hiyo alikufa. Mwaka 1941 Florey na Heatley walipeleka ukungu wao Peoria, Marekani, kwenye maabara ya kilimo. Kule wakaulisha maji ya kulowekea mahindi, mabaki ya viwanda vya wanga, na dawa ikaongezeka sana. Mwaka 1944, Brooklyn, daktari Leo Loewe akatangaza wagonjwa 7 waliopona.

Lakini vitabu vinamsahau muuguzi. Figo zinatoa penisilini mbio, njo maana dawa ilipaswa kuingia usiku na mchana. Hata leo ni majuma 4 mpaka 6 ya sindano, kupima homa, kuchunga mshipa usivimbe, kuangalia kama mkono umelegea ghafla, juu kipande kikitoka kwenye valvu kinaweza kuziba mshipa wa ubongo. Kazi ngumu zaidi inakuja homa ikishuka mapema: mgonjwa anajisikia mzima, shamba inamungoja, pesa inaisha. Ni muuguzi anayemwambia abaki.