Nuru Ndani ya Kiinitete

Elimu ya viumbe ilikaa muda mrefu na dhiki moja. Mtaalamu aliyetaka kujua jinsi kiumbe anavyoumbwa yaini alilazimika kwanza kumwua, akamkata vipande vyembamba, akavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Alichokiona kilikuwa kweli, lakini kilikuwa maiti; na maiti haisemi seli gani ilitoka wapi wala ilikuwa ikienda wapi.

Maumbile yenyewe yalionyesha njia ya kwanza. Mwaka 1905 Edwin Conklin wa Marekani alieleza habari za mnyama mdogo wa baharini ambaye yai lake lina rangi za asili. Kwa kuifuata rangi ya manjano alitambua seli ziwazo misuli ya mkia. Lakini mayai mengi hayakujaliwa pambo hilo. Basi katika miaka ya 1920 Walter Vogt, Mjerumani, alibandika juu ya viinitete hai vya vyura na jamaa zao vipande vya uteute wa mwani vilivyolowekwa rangi isiyodhuru. Akachora ramani iliyoonyesha kila sehemu ya uso itakuwa kiungo gani. Ila rangi ile ilienea na kufifia.

Mwaka 2002 Benoît Dubertret na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walijaribu kitu kipya: chembe zenye upana wa nanometa chache, na nanometa ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Chembe hizo zikimulikwa hurudisha nuru yenye rangi yake, na rangi hiyo huamuliwa na ukubwa wake. Walizivika mafuta ya jamii ya yale yajengayo utando wa seli, wakazidunga katika seli moja ya kiinitete cha chura wa Afrika mwenye kucha. Seli ilipogawanyika, uzao wake ulirithi nuru, nayo ikafuatwa mpaka kiluwiluwi.

Hata hivyo chembe hizo zina kadmiamu, na kadmiamu ni sumu. Watafiti waliripoti kwamba hazikudhuru zilipokuwa chini ya bilioni 5 katika seli moja. Mwanga wa hadubini nao ukizidi huiunguza seli. Kwa hiyo historia hii si ya macho makali tu. Ni historia ya kiasi. Atazamaye uhai kwa kuusumbua mno haoni tena kazi ya maumbile, bali kazi ya mkono wake mwenyewe.