Deni la Miaka ya Nyuma
Wanafunzi wangu wakisikia kwamba mfuko wa pensheni umeishiwa fedha, huuliza kwanza ni nani aliyeiba. Ndiyo maana huwarudisha South Bend, Indiana, Desemba 1963, kampuni ya magari ya Studebaker ilipofunga kiwanda chake. Pale hakuna aliyeiba.

Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilipata pensheni hiyo mezani mwa majadiliano mwaka 1950. Mfanyakazi mkongwe alihesabiwa hata miaka aliyotumikia kabla ya mkataba, ingawa hapakuwa na senti iliyowekwa kwa ajili ya miaka hiyo. Deni hilo lilipangwa kulipwa kidogo kidogo kwa miaka 30. Kila mkataba mpya ulipoongeza kiwango, deni nalo lilikua. Hesabu yote, kwa hiyo, ilidai kiwanda kiendelee kuwapo.

Kilipofungwa, wastaafu na waliotimiza miaka 60 walitangulizwa, wakalipwa kikamilifu. Wafanyakazi kama 4,000 wa umri wa miaka 40 hadi 59 walipata takriban asilimia 15 ya haki yao. Vijana wakaambulia patupu.

Sheria ya kuwalazimisha waajiri kutenga fedha, pamoja na bima ya pensheni, ilikuja mwaka 1974; kuchelewa huko mimi sikusamehe. Wala haikutosha: Desemba 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kuutengea mfuko wa Central States, wa chama cha madereva wa malori cha Teamsters, takriban dola bilioni 36. Zilitoka kwa walipa kodi, ambao wengi wao hawana pensheni ya chama chochote.