Mizani ya Pamba na Tajriba ya Mtawala

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara yake ya 39, humtaka mgombea wa urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 40, apendekezwe na chama cha siasa, tena awe na sifa za ubunge, ambazo miongoni mwake ni kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Ama kwamba amepata kusimamia mali na watu, juu ya hilo haikunena neno. Wapo wanaotaka sharti hilo liongezwe. Mimi siafiki, kwani cheti cha uzoefu hupatikana kwa wepesi. Lililo wajibu ni mpiga kura aulize tajriba hiyo imechumwa wapi, na chini ya jicho la nani.

Hayati John Magufuli aliingia Ikulu mwaka 2015 baada ya miaka ishirini ya unaibu waziri na uwaziri, na wengi walimsadiki kwa jinsi alivyotaja urefu wa barabara kilomita kwa kilomita. Sisi wa Nyahanga, Kahama, tuliuona utawala huo kwa karibu mwaka 2017, usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wa madini, ulipozuiwa: dola hatimaye ilipata hisa 16 kwa mia katika migodi, ilhali mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi na vijana wa Kahama wakarejea majumbani. Uwaziri, kwa rai yangu, humfunza mtu kuamrisha na kufuatilia. Kupingwa hadharani na walio chini yake aghalabu haumfunzi.

Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa pamba, alifunzwa kwingine. Alianza kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akashika kazi ya ushirika Mwanza, zama ambazo mkulima wa Usukuma aliitazama pamba yake ikipimwa kwa mizani ya mnunuzi, asijue kama ratili alizotajiwa ndizo, hata wakulima wakaamua kuweka mizani yao wenyewe na kupima upya kabla ya kuuza. Katika shughuli hiyo kiongozi hawezi kujificha nyuma ya hotuba: kila mwanachama aujua uzito wa mzigo wake, na bei ikipungua humjia mlangoni. Kutoka hapo ulisimama, mwaka 1955, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, na kutoka muungano huo Bomani akapanda hadi uwaziri wa Fedha mwaka 1962.

Hata hivyo, nchi ilipowachukua mahodari wa namna hiyo kuwapeleka Dar es Salaam, vyama vilibaki na uhaba wa wajuzi. Kamati iliyoundwa na Rais mwaka 1966 kuchunguza ushirika ilikuta watumishi wasio waaminifu, uchache wa wenye ujuzi, na wanachama wasiojua haki zao; ndipo serikali ikatwaa usimamizi wa muungano ule wa Mwanza, na mkulima akawa tena hana wa kumwuliza hesabu ila mteule wa serikali.