Bomba Lililozibwa na Chokaa

Wayunani wa kale waliita bomba la maji "solen", na mfereji "okhetos". Katika kisiwa cha Samo, ambako merikebu ya Mtume Paulo ilipitia (Matendo 20:15), fundi Eupalinos alitoboa mlima katika karne ya 6 kabla ya Kristo, mita 1,036, ili maji ya chemchemi yafike mjini kwa mabomba ya udongo. Miaka ikapita, chokaa iliyomo majini ikayaziba. Ikabidi yavunjwe upande wa juu, yasafishwe. Solen likawa kama okhetos, na maji yakapita tena. Je, sisi tuliofungwa vizuri kwa nje, ndani tumezibwa na nini? Tukubali kufunguliwa.