Sanctus, Takatifu, Mutagatifu

Katikati ya jiji la Kigali lipo kanisa la Sainte-Famille, yaani Familia Takatifu, ambalo parokia yake ilianzishwa mwaka 1913. Neno "sainte" ni la Kifaransa, nalo latokana na kivumishi cha Kilatini "sanctus". Yafaa sisi walimu wa lugha tuichunguze asili yake.

"Sanctus" limezaliwa na kitenzi "sancire", maana yake kulithibitisha jambo kwa sheria au kiapo lisipate kuvunjwa. Kwa hiyo, kabla ya Ukristo, neno hilo lilihusu ulinzi. Sheria ya Waroma iliziita kuta na malango ya mji "res sanctae", vitu ambavyo haikuruhusiwa kuvidhuru, na aliyethubutu aliadhibiwa. Baadaye Wakristo walilitumia kwa Mungu na kwa watu wema.

Kiswahili kilipita njia nyingine. "Takatifu" hutokana na "takata", yaani kuwa safi. Mrumi aliwaza ukuta. Mswahili aliwaza kitu kisicho na taka.

Kinyarwanda nacho kililikopa neno letu, likawa "mutagatifu". Herufi k imegeuka g kwa sababu lugha hiyo huepuka k inapofuatwa na silabi yenye t. Ndivyo "kitabu" kilivyokuwa "igitabo". Wataalamu huiita kanuni hiyo Sheria ya Dahl. Hata leo Wakatoliki wa Rwanda husema "Roho Mutagatifu", hali Waprotestanti husema "Umwuka Wera", kutokana na "kwera", kuwa -eupe.

Basi usafi na weupe vimebaki katika lugha zetu, lakini ile maana ya ulinzi haisikiki. Nayo ina uzito mkubwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia Sainte-Famille. Walitafuta mahali ambapo mtu hadhuriwi, na hiyo ndiyo maana ya kwanza ya jina lililo juu ya mlango. Wengi miongoni mwao walitolewa humo wakauawa.

Kwa hiyo, tufundishapo neno "takatifu", tusiishie kwenye usafi. Tuwaeleze wanafunzi kwamba kukiita kitu kitakatifu ni kujifunga kukilinda.