Mwaka 1960 na Majina Yaliyoimbwa

Vitabu vya jazz vinaupenda mwaka 1960. Vinakuambia kwamba mwezi wa Oktoba, huko New York, John Coltrane alirekodi "My Favorite Things", na kwamba siku chache kabla ya Krismasi Ornette Coleman aliingia studio na kurekodi santuri aliyoiita "Free Jazz", jina ambalo baadaye likawa jina la aina nzima ya muziki. Yote kweli, na zote mbili nimezisikiliza hapa Jinja kwenye simu, kwa bando la usiku. Lakini kwetu sisi Wakongo neno jazz lilikuwa na kazi nyingine, na mwaka ule ule lilifanya kazi kubwa sana. Wacha niueleze kwa upande wetu.

Kwetu jazz haikuwa lazima iwe ya Marekani. Lilikuwa jina la bendi. Kule Tanganyika kulikuwa na Dar es Salaam Jazz tangu 1932 na Morogoro Jazz tangu 1944. Léopoldville, Joseph Kabasele, yule Grand Kallé, alianzisha African Jazz mwaka 1953, na Franco na wenzake wakaja na OK Jazz 1956. Walichopiga kilikuwa rumba na cha-cha, muziki uliorudi kwetu kwa santuri kutoka Cuba, na kule Cuba ulitengenezwa na watoto wa watu waliobebwa utumwani, wengi wao kutoka Kongo hiyo hiyo. Ukijiita jazz ulikuwa unasema: mimi ni mtu wa mjini, wa kisasa, na hili jina sikuomba kwa Mbelgiji.

Januari 1960 viongozi wa Kongo waliitwa Brussels kwenye Meza ya Duara, kujadili uhuru. Mkutano ulifunguliwa tarehe 20. Lumumba alikuwa gerezani. Ilibidi atolewe na kupandishwa ndege mkutano ukiwa umeshaanza. Kabasele naye alikwenda na wanamuziki wake: Docteur Nico kwenye gitaa la solo, ndugu yake Déchaud kwenye la kusindikiza, Roger Izeidi, Petit Pierre kwenye ngoma. Tena, na hapa ndipo ninapopapenda mimi, akachukua watu wawili wa OK Jazz, bendi ya wapinzani: Vicky Longomba na Brazzos. Ni kama V.Club na Daring kuvaa jezi moja. Wanamuziki walikuwa wameshaunda serikali ya umoja kabla wanasiasa hawajakubaliana hata tarehe.

Tarehe ilipopatikana, 30 Juni, wakapiga "Indépendance Cha Cha". Wimbo ni wa Kilingala. Sisi wa mashariki tuliurithi na kuuimba bila kushika kila neno. Lakini majina kila mtu anayashika. Kabasele anataja vyama na anataja viongozi: Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe na wengine, wote wamepangwa kama wachezaji wa timu moja. Mobutu hayumo. Alikuwepo Brussels, ila bado hakuwa mtu wa kuimbwa.

Sasa soma tena hayo majina ukiwa na kalenda mkononi. 11 Julai, Tshombe anaitangaza Katanga nchi yake. Agosti, Kalonji anaikata Kasai ya Kusini. 5 Septemba, Kasavubu anamfukuza Lumumba kwenye radio. 17 Januari 1961 Lumumba anauawa, huko huko Katanga kwa Tshombe. Tangu mkutano ufunguliwe Brussels, mwaka ulikuwa haujatimia.

Kuna jambo la Julai ile ambalo watu wa hapa Uganda wazee wanalikumbuka kuliko sisi. Jeshi lilipoasi, Wabelgiji wa Kivu na wa Orientale walikimbilia Uganda, na wengi wakapanda treni Kampala kwenda Nairobi. Treni hiyo ilikuwa inavuka Nile kwenye daraja la reli hapa Jinja, lile la mwaka 1931, halafu ikapita Tororo. Mimi huenda Mbale kila wiki mbili na mzigo wa vitenge, na kule nina mteja, mzee wa Kigisu, ambaye utoto wake ulikuwa Tororo, baba yake akifanya kazi ya reli. Aliwaona. Wamama wa Kizungu, watoto wamelala juu ya mabegi, wanapewa chai na mkate dirishani. "Mzungu mkimbizi!" aliniambia, akipiga kofi. "Sisi tulikuwa hatujaona. Tulifikiri ukimbizi ni kitu cha watu weusi." Basi wakimbizi wa kwanza wa Kongo huru kupita barabara hii yetu hawakubeba sufuria kichwani. Sina neno la kuongeza hapo, ila nikisikia watu wanasema Mkongo amezaliwa mkimbizi, namkumbuka huyo mzee.

Tarehe 28 Oktoba akafika Louis Armstrong. Léopoldville walimbeba juu ya kiti, mabegani, mpaka uwanja wa Baudouin, huo huo ambao Ali na Foreman walipigania mwaka 1974. Safari yake ya Afrika ililipiwa na serikali ya Marekani, na kwa sehemu na Pepsi-Cola. Wengine humwita kibaraka kwa sababu hiyo. Mimi sikubali haraka, maana mwaka 1957 huyu huyu aligoma kwenda Urusi kwa niaba ya serikali yake, kwa hasira ya watoto weusi waliozuiwa shule Little Rock. Lakini siku anapiga tarumbeta, Lumumba alikuwa mji huo huo, amefungiwa nyumbani, askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda na askari wa Mobutu nje yao wakingoja atoke. Armstrong akapiga Katanga pia. Akapiga Kampala na Nairobi. Februari iliyofuata, habari za kifo zilipotangazwa, mwimbaji wa jazz Abbey Lincoln na wenzake waliingia ukumbi wa Baraza la Usalama New York wakapiga kelele kwa ajili ya Lumumba mpaka walinzi wakawatoa.

Haya ningeyaacha kwenye vitabu kama yasingekuwa yanatugombanisha. Hapa Jinja tuna kikundi cha kusaidiana, cha hospitali na mazishi. Kila 30 Juni tunakutana, tunapika, tunapiga huo wimbo. Mwaka jana kijana wa muziki aliambiwa na baba mmoja akate kabla ya jina la Tshombe. Baba wa Lubumbashi akasimama: basi kata na Lumumba. Mwingine akauliza nani aliua Wakasai 1960, na hapo chakula kikapoa. Mama mmoja wa Kasai, mkubwa kuliko wote pale, ndiye aliyesema na kijana: "Mwanangu, acha ipige yote. Ile wimbo Kallé hakuimbia mutu moya."

Ikapigwa yote. Nilikuwa natazama nani anacheza kwenye jina gani. Wengi walisimama tu.

Familia mbili ziliacha kuchanga tangu siku ile, moja ya kila upande. Mimi ndiye ninashika daftari. Moja ilirudi mwezi wa tisa, mtoto wao alipolazwa. Nyingine bado, kila mwezi naandika jina lao na mbele yake naacha wazi.