Umutsima, gato, keki: kwa nini harusi zetu zina ghorofa tatu

Kwenye kamati za ndoa nilizokaa hapa Rubavu, watu wanapita haraka kwenye viti, wanapita kwenye muziki, hata kwenye Primus hawakawii sana kwa sababu kila mtu anajua bei. Wakifika kwenye keki, kikao kinasimama. Shangazi wa bibi harusi anataka ghorofa tano. Bwana harusi anaangalia chini. Mwenye daftari anasema pesa iliyochangwa haitoshi hata ghorofa mbili. Halafu anatokea mtu mmoja, mara nyingi ni yule ambaye hajatoa mchango, anauliza: "Harusi bila keki ni harusi gani?"

Mimi hilo swali nimelichukua kwa uzito. Maana kuna vijana kati yetu wanaoahirisha kwenda kuandikisha ndoa kwenye ofisi ya sekta, na sababu si sheria wala wazazi, ni pesa ya sherehe. Wanaishi pamoja mwaka mmoja, miaka miwili, mtoto anazaliwa, karatasi ya ndoa hakuna. Ninyi mnaofanya kazi ya ulinzi wa watoto mnajua shida inayofuata, siku familia inapoombwa kuonyesha nani ni mke wa nani. Kwa hiyo tujiulize hiyo keki ilitoka wapi, na nani alisema lazima iwe ndefu.

Tuanze na jina. Sisi wa upande wa Goma tunaita gato, kutoka Kifaransa. Wanyarwanda wanaita umutsima, na MC akisema ni wakati wa gukata umutsima, simu zote zinatoka mfukoni. Lakini umutsima wa zamani haukuwa na krimu. Ni ugali, ule ule bugali wetu, wa mtama, ulezi au muhogo. Na ulikuwa na heshima yake kubwa. Kwenye Umuganura, sikukuu ya mavuno mapya, mfalme wa Rwanda alikula umutsima wa nafaka mpya na watu nao wakala. Mwaka 1925 Wabelgiji waliipiga marufuku hiyo sikukuu, na Gashamura, mkubwa wa wale waliosimamia ibada zake, wakampeleka uhamishoni Burundi. Ona vile utawala wa kikoloni ulivyouogopa ugali! Siku hizi Umuganura umerudi, unafanyika Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane.

Kwa hiyo neno la ugali wa pamoja limehamia kwenye keki, na mimi naona halikuhama bure. Kitu cha kuliwa pamoja ndicho kilikuwa kinafunga jambo. Kwenye ndoa za zamani hapa watu walikunywa pombe ya mtama au ya ndizi kutoka chungu kimoja kwa mirija, na mpaka leo utaona wazazi wakiwapa maharusi maziwa. Hata mbali na huku ilikuwa hivyo. Warumi wa kale walikuwa na aina moja ya ndoa, ya watu wa ukoo mkubwa, iliyoitwa confarreatio, na jina lenyewe limetoka kwenye far, nafaka yao ya aina ya ngano. Bibi na bwana walishiriki mkate wa hiyo nafaka mbele ya mashahidi. Mkate mmoja, mashahidi, basi. Hakuna ghorofa.

Ghorofa zilikuja na sukari. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa zetu zinapopotelea.

Tarehe 10/2/1840 Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Prince Albert. Keki yao ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 130, na ukiizunguka kwa kamba unapata karibu mita tatu. Juu ilipakwa sukari nyeupe kabisa. Leo tunasema nyeupe ni usafi wa bibi harusi, lakini wakati ule nyeupe ilikuwa bei. Sukari ya rangi ya kahawia ilikuwa rahisi, ile iliyosafishwa mpaka ikawa kama theluji ndiyo ilikuwa ghali, kwa hiyo mtu akiona keki nyeupe anaelewa hapa kuna pesa. Na hiyo sukari ilitoka sana kwenye visiwa vya Karibi, kwenye mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliotekwa. Utumwa kwenye makoloni ya Waingereza ulimalizika kabisa mwaka 1838, miaka miwili tu kabla ya ile harusi. Hilo nalitaja kwa sababu kuna watu wanaosema keki ya harusi ni "ustaarabu". Haya.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1858 binti wa huyo huyo Victoria aliolewa na Prince mmoja wa Prussia. Keki yake ilikuwa ndefu sana, lakini iliyokuwa keki ya kuliwa ni ile ya chini peke yake. Huko juu yote yalikuwa mapambo ya sukari. Yaani nyumba ya kifalme yenye utajiri kuliko karibu zote duniani ilionyesha wageni keki ya uongo, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Inatajwa kwamba mpaka 1882, kwenye ndoa ya Prince Leopold, ndipo ghorofa zote zikawa keki ya kweli.

Karne hiyo hiyo vitu vilianza kushuka bei, na ndivyo keki ilivyowafikia watu wa kawaida. Mwaka 1843 Alfred Bird, mtu wa Birmingham, alitengeneza beking pauda kwa sababu mke wake hakuweza kula hamira, na unga ukaweza kuumuka bila mayai mengi na bila kusubiri. Mwaka 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alivumbua majarini. Napoleon III alitaka mafuta ya bei ndogo kwa ajili ya jeshi na maskini, na ndiye aliyempelekea. Kwa hiyo ukipika na Blue Band halafu mtu akakuambia keki ya kweli ni ya siagi, mwambie majarini ilizaliwa kwa ajili yetu hasa. Mwaka 1874 Uingereza ikafuta ushuru wa sukari. Mfanyakazi wa kiwanda naye akaanza kutaka keki nyeupe kama ya malkia. Si ndiyo tunayofanya sisi?

Na hizi ghorofa zenye nguzo katikati ni mtindo wa Waingereza. Wafaransa na Wabelgiji, ambao tumechukua neno gato kutoka lugha yao, desturi yao ya harusi ni mlima wa vitumbua vidogo vya krimu vilivyoshikanishwa kwa sukari iliyoyeyushwa. Wamisionari walifika Nyundo, hapo juu yetu, mwaka 1901, halafu Wabelgiji wakatawala pande zote mbili za mpaka, Goma na Gisenyi. Lakini picha tunayoibeba kichwani, keki imesimama kama mnara na kisu kimefungwa utepe, ni ya nchi nyingine kabisa. Hatukulazimishwa na mtu. Tuliipenda.

Sasa tuje kwa watu wa misaada, na nawaambia kwa heshima. Nimesikia wengine wakisema, mkimbizi anayekula pesa ya PAM anakata keki ya nini? Mwaka 2018 mwanzoni, msaada kwenye kambi za hapa Rwanda ulikuwa faranga 7,600 kwa mtu kwa mwezi, ukapunguzwa asilimia 25. Familia ya watu watano ilitoka kwenye 38,000 ikaingia kwenye 28,500. Kwa mwezi mzima. Ndiyo, ukiangalia hesabu hiyo, keki ni wazimu. Lakini angalieni watu wengine waliokula kwa mgao walifanya nini.

Vita ya pili ya dunia ilipoanza, Uingereza iliweka sukari, siagi na nyama ya nguruwe kwenye mgao wa kuponi, mwezi wa kwanza 1940. Mwezi wa nane mwaka huo huo serikali ikakataza kabisa kupaka sukari juu ya keki. Sheria kabisa, si ushauri. Watu waliacha kuoana? Hapana, vijana waliokuwa wanaenda vitani walitaka kuoa haraka zaidi. Waokaji wakatengeneza mifuniko ya kabodi na ya plasta, mirefu, mieupe, ina maua na nguzo. Unaukodisha kwa siku moja, unafunika nao kikeki kidogo, mnapiga picha, halafu mfuniko unanyanyuliwa na watu wanakula kile kidogo kilichokuwa chini. Jirani walikusanya sukari yao ya mgao, huyu kijiko, huyu kikombe, ili mtoto wa mtaa apate keki. Hicho Wanyarwanda wanaita gutwerera.

Vita ikaisha 1945 lakini mgao haukuisha. Tarehe 20/11/1947 Princess Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia, aliolewa wakati kuponi bado zipo. Wananchi walimtumia kuponi zao za nguo, zikarudishwa, kwa sababu sheria haikuruhusu mtu kutumia za mwenzake. Keki yake ilikuwa na ghorofa nne na urefu wa mita 2.7, sawa, lakini vitu vya kuipikia vilitoka nje kama zawadi, vingine kwa wasichana wa Girl Guides wa Australia. Keki ya msaada! Mgao wa Uingereza ulimalizika kabisa 1954, na miaka yote hiyo sijasoma popote kwamba aliyekula kwa kuponi aliambiwa hastahili kukata keki. Mnaosimamia kambi, mtukumbuke hapo.

Upande mwingine, vijana wenzangu, hawa Waingereza hawakukopa ili wapate sukari ya mnara mzima. Walikodi kabodi. Hapa kwetu hiyo kazi inafanywa na frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya boksi la televisheni. Inakatwa mviringo, inapakwa krimu nyembamba au inavishwa utepe na maua, na ukikaa mstari wa tatu huwezi kutofautisha. Wengi wanaopamba harusi wanazo tayari, wanakodisha. Shida ni kwamba kamati zetu zinaona aibu kuuliza. Zinauliza "ghorofa tatu ni bei gani?" na mpishi anajibu bei ya keki tatu. Muulize bei ya keki peke yake, halafu bei ya mapambo peke yake. Mara nyingi mapambo ndiyo yanayokula saa nyingi za mpishi, na ndiyo mtakayokwangua na kuacha kwenye sahani.

Halafu piga hesabu ya vipande kabla ya hesabu ya ghorofa. Tepsi ya sentimita 30 kwa 40, ukikata vipande vya 5 kwa 5, unapata 48. Ukikata vya 4 kwa 4, unapata 70 na kipande kidogo cha kuonja jikoni. Tepsi mbili ni watu 140, na harusi nyingi za kambini watoto ndio wengi, kipande cha 4 kinawatosha. Tepsi haihitaji nguzo, haianguki njiani kwenye moto, na inapikwa na mama yeyote anayejua kazi. Wasio na oveni wanajua njia ya mbabula: sufuria nzito, mchanga kidogo chini, makaa kidogo chini na mengi juu ya mfuniko. Ukizidisha ya chini utakula majivu. Nimeona keki za namna hiyo zikitoka laini kuliko za duka, ila lazima mtu mmoja akae hapo bila kwenda kupiga stori.

Kuna jambo moja ambalo sitaki kamati zikate, nalo ni keki ya wazazi. Desturi ya huku ni maharusi kupeleka keki kwa wazazi wa pande zote mbili, na mzee akipokea frigoliti utakuwa na kesi ya miaka kumi. Hizo ziwe mbili za kweli, ndogo, zimefungwa vizuri. Kama mmoja wenu wazazi wake wamebaki ng'ambo ya mpaka au hawapo tena, mtafutieni mapema mtu atakayepokea kwa niaba yao, mkubwa wa bloku au mama aliyemlea njiani. Msimwache bibi harusi amesimama na sahani mbele ya watu akitafuta wa kumpa.

Ghorofa ya mbele basi iwe kama ya 1858, ya chini ya kweli na za juu za kuonyesha, tepsi zikae nyuma ya pazia zikiwa zimeshakatwa. Na kabla maharusi hawajaingia, mwenye kupamba awaonyeshe upande wa kupitisha kisu. Kisu kikigonga frigoliti kinalia, na video hiyo mtaiona kwenye WhatsApp mpaka mpate wajukuu.